Nyota za Sobral kwenye mgongo wa simu

Makava ya simu yanayouzwa Nyawera na soko la Kadutu, mjini Bukavu, hupendelea maua, wanasoka na nembo za vilabu. Picha ya kupatwa kwa jua ya Mei 29, 1919 ingestahili nafasi humo. Siku hiyo kivuli cha mwezi kilipita Brazili, kikavuka Atlantiki, kikaikata Kongo hadi Ziwa Tanganyika. Ila mchapaji ataona tabu.

Picha hiyo ilipigwa mjini Sobral, Brazili, na Andrew Crommelin na Charles Davidson, kwa lenzi ya inchi 4 na vioo vya picha vya inchi 10 kwa 8. Lengo lilikuwa kumpima Einstein, aliyekokotoa kwamba mwanga wa nyota unaopita ukingoni mwa jua ungepinda kwa sekunde 1.75, ambapo nyuzi moja ina sekunde 3,600. Kwenye kioo, nyota husogea chini ya sehemu ya ishirini ya milimita. Sasa, mashine inayochapa nukta 300 kwa inchi hutoa nukta yenye upana wa milimita 0.085 hivi. Nukta moja ya wino inaufunika ushahidi wote, na hapo picha bado haijapunguzwa mara tatu ili itoshe mgongo wa simu. Kipimo basi tukisahau. Tuokoe nyota, taji la jua na ule ulimi mkubwa wa gesi unaochomoza ukingoni.

Nakala nzuri ipo: kioo kilichohifadhiwa Heidelberg, Ujerumani, kilisafishwa kidijitali na shirika la uchunguzi wa anga la ESO likaitoa picha yake 2019.

Njia ya bei nafuu ni sublimesheni. Picha huchapwa kinyume kwenye karatasi, karatasi hulazwa juu ya kibati cha alumini chenye utando mweupe, kisha mashine hukibana kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi kwa dakika moja hivi. Wino hugeuka mvuke na kuingia ndani ya utando. Kibati hubandikwa kwenye kava la mpira. Wino mweupe haupo, kwa hiyo kila nyota ni tundu lisilopakwa kitu katikati ya weusi. Joto likizidi muda, weusi hutambaa na kuimeza nyota. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo Bukavu halimshangazi mtu, weusi hubaki wa kahawia.

Jua liwekwe chini kulia, maana kwenye simu nyingi tundu la kamera hula pembe ya juu kushoto.

Kosa baya zaidi halionekani: kusahau kuipindua picha. Anga la kinyume halina herufi za kumshtaki mchapaji, na mteja ataondoka akifurahia kundi la nyota la Ng'ombe lililogeuzwa. Bahati nzuri, ESO huruhusu matumizi hata ya biashara kwa sharti la kutaja chanzo. Mstari mdogo wa chanzo ukichapwa pamoja na picha, ukisomeka kinyume, kibati kitupwe kabla ya gundi.