Kompyuta Inangoja Nini?

Seremala akimaliza kazi, kitanda kinaonekana. Mshonaji akimaliza, gauni linavaliwa na watu wanalisifu. Fundi anayeboresha kompyuta kuukuu hana bahati hiyo. Anafungua kava, anatoa kitu, anatia kitu, anafunga. Na kwa nje mashine ni ileile, rangi ileile iliyopauka, mkwaruzo uleule ubavuni. Ushahidi pekee wa kazi yake ni kwamba mwenye kompyuta ameacha kulalamika. Nadhani ndiyo maana ufundi huu hausifiwi, na ndiyo maana nataka kuusifu, hasa unapofanywa kwa fedha ya kuungaunga. Mwenye fedha nyingi hamhitaji fundi; anahitaji duka tu.

Tuchukue mfano wa steshenari, maana huko ndiko kompyuta za mezani zinakofanyishwa kazi kwelikweli. Steshenari ya Manzese au Mbagala, Dar es Salaam, haina kompyuta ya kupambia meza. Mashine moja inachapa barua za kuomba kazi, inaskani vyeti, inajaza fomu za mkopo wa elimu ya juu, inatengeneza kadi za harusi, na jioni inawarushia watu nyimbo na filamu kwenye flashi. Mara nyingi ni Dell OptiPlex au HP Compaq iliyotumika miaka kadhaa katika ofisi ya Ulaya au Marekani, ikauzwa kwa mafungu, pengine ikapitia kwa wafanyabiashara wa Dubai, ikashushwa bandarini, ikaishia Kariakoo. Wakati mwingine stika ya ofisi ya kwanza bado imeng'ang'ania juu ya kava.

Ya leo iwe OptiPlex 7010, ile iliyoingia sokoni mwaka 2012, yenye prosesa ya Intel Core i3-3220, RAM ya GB 4 na hadi diski ya GB 500. Mwenye duka ni mama anayesema mashine imekuwa nzito: akiiwasha asubuhi anafagia, anapanga karatasi na kumaliza kikombe cha chai kabla Word haijafunguka. Mkononi ana shilingi laki moja, na hiyo laki ina wadai wengine.

Jibu jepesi ni kumwambia atafute nyingine. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na kila muuza kompyuta analijua hilo hata kama hajawahi kuisikia methali yenyewe. Lakini kwa laki moja mama huyu hapati kompyuta mpya. Atapata kuukuu nyingine, yenye maradhi yasiyojulikana badala ya haya anayoyajua.

Fundi mzuri hakimbilii bisibisi. Anaiwasha mashine, anafungua Word, kivinjari chenye kurasa kadhaa na programu ya skana, kama mama anavyofanya siku zote. Kisha anafungua Task Manager na kutulia. Anasoma safu tatu: prosesa inatumika kwa asilimia ndogo tu, RAM imejaa karibu yote, na diski imegota kwenye asilimia 100 wala haishuki. Mashine haijachoka. Inangoja. Kujua inangoja nini ndio moyo wa ufundi huu, na yaliyobaki ni kazi ya mikono.

Inaingoja diski. Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na mkono mdogo unaopeleka kichwa cha kusomea mahali faili lilipo. Mkono ukishafika, bado ni lazima usubiri sahani izunguke mpaka kipande kinachotakiwa kipite chini yake. Kwa wastani ni nusu ya mzunguko, zaidi kidogo ya sehemu 4 kati ya 1,000 za sekunde. Ongeza safari ya mkono wenyewe, na kipande kimoja kinaweza kuchukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa binadamu huo si muda. Lakini i3-3220 hupiga mapigo bilioni 3.3 kila sekunde, kwa hiyo katika kungoja huko kwa mara moja tu hupitwa na mapigo milioni 33. Na Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huko. Ni sawa na mama ntilie mwenye mkono mwepesi kuliko wote mtaani, ambaye kila kitunguu anakifuata sokoni, kimoja kimoja. Kumnunulia kisu kipya hakutawahisha chakula.

Basi sehemu kubwa ya ile laki inakwenda kwenye SSD. Hii haina sahani wala mkono. Hutunza data katika chipu za NAND, teknolojia ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba waliitangaza mwaka 1987, na hukifikia kipande chochote kwa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, yaani upesi mara mia hivi kuliko diski ya kuzunguka. Fundi anachagua ya GB 240 au 256, si ya TB 1, kwa sababu Windows, Word na mafaili ya wateja yanaenea humo. Ile hadi diski haitupwi. Anakagua afya yake kwa taarifa za SMART, na ikiwa nzima inabaki ndani kutunza filamu na nyimbo, vitu vinavyosomwa kwa mfululizo na visivyo na haraka. Anajua pia kwamba si matundu yote ya SATA kwenye ubao mama wa mashine hizi yana kasi moja: mengine ni ya gigabiti 6 kwa sekunde, mengine ni ya 3. Asiyejua huchomeka popote, mashine ikawaka, na nusu ya kasi iliyolipiwa ikalala palepale bila mtu kugundua.

Kabla ya hayo yote kuna jambo ambalo mteja halioni na halimo kwenye risiti: kunakili data. Kompyuta ya steshenari imebeba vyeti vya mtaa mzima, namba za vitambulisho, barua za watu walioacha kazi na za wanaoitafuta. Fundi anayepiga Windows bila kuuliza kuna nini ndani anaweza kufuta miaka ya watu kwa dakika chache. Na fundi anayeuza diski ya zamani bila kuifuta sawasawa ameuza siri zisizo zake. Uaminifu hapa ni sehemu ya ufundi, kama ilivyo kwa mwenye kutunza funguo za nyumba za watu.

Kinachobaki kwenye laki kinakwenda kwenye RAM. GB 4 zikijaa, Windows huanza kuhamishia mambo diskini, na hivyo ufinyu mmoja huzaa mwingine. Mashine hii hutumia DDR3, yenye miguu 240 na umeme wa volti 1.5. DDR4 ina miguu 288 na mwanya wake umekaa pengine, kwa hiyo haiingii hata kwa nguvu, na anayetumia nguvu huondoka na ubao uliovunjika. DDR3 ya mtumba hupatikana kwa urahisi kwa sababu mashine nyingi hufa na kuacha RAM zikiwa hai. Fundi anatafuta ya GB 4 inayofanana na iliyomo, ili zikae mbili na kusafirisha data kwa njia mbili sambamba. Anagusa chuma cha sanduku kwanza ili umeme tuli wa mwilini usiunguze chipu, anasugua miguu ya RAM taratibu kwa kifutio cha penseli, anaikandamiza mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Sasa zimekuwa GB 8. Ubao unakubali hadi 32, lakini kukubali si kuhitaji. Anahakikisha pia kwamba Windows anayoipiga ni ya biti 64. Ile ya biti 32 ya kompyuta za kawaida haivuki GB 4, na wako watu wengi walionunua RAM ambayo mashine yao haijawahi kuigusa.

Vijana wengi wangeanza na prosesa, maana ndiyo yenye jina kubwa na ndiyo inayobishaniwa vijiweni. Soketi ya LGA1155 ya ubao huu inapokea i5-3470 na hata i7-3770 yenye kori 4 na nyuzi 8, na kwa anayehariri video hiyo i7 ingekuwa mageuzi. Kwa mama wa steshenari ni fedha iliyozikwa. Prosesa yake ilikuwa inatumika kidogo hata kabla ya matengenezo. Kuipa mashine nguvu pale ambapo haikuzidiwa ni kosa la kawaida kuliko yote katika kazi hii, na mtendaji wake ndiye asiyewahi kuambiwa amekosea, kwa kuwa kifaa kipya hufanya kazi vizuri na tatizo la zamani hulaumiwa uzee.

Kisha vinakuja vitu vya bei ya chini kabisa, na hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wa mtaani. Anatoa vumbi kwa bloa na brashi, akiizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Anafuta ile pesti iliyokauka kati ya prosesa na kipoza joto, anapaka mpya kiasi cha punje ya dengu, kwa sababu prosesa ikipata joto mno hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Na anabadilisha betri ya CR2032, kidonge cha volti 3 kinachotunza saa ya mashine umeme unapokatika. Betri hiyo ikifa, kila asubuhi kompyuta hujiona iko miaka mingi nyuma. Kivinjari kikilinganisha tarehe hiyo na vyeti vya usalama vya tovuti kinakataa kuzifungua, na mama anasema intaneti imekufa. Wako walionunua vifurushi vipya, wengine modemu mpya, kwa ugonjwa wa betri.

Yote haya yanawezekana kwa sababu ya uamuzi wa zamani. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilitangaza kompyuta yake ya kwanza ya binafsi, iliyoundwa Boca Raton, Florida, na timu iliyoongozwa na Don Estridge. Kwa kuwa walikuwa na haraka, walitumia vifaa vya makampuni mengine, wakaacha nafasi 5 za kuchomeka kadi za ziada, wakachapisha kitabu chenye michoro ya saketi. Hawakuwa wakimfikiria fundi wa Kariakoo. Lakini mlango waliouacha wazi haujafungwa kabisa hadi leo kwenye kompyuta za mezani, ilhali katika kompyuta mpakato nyingi za sasa RAM imelehemewa kwenye ubao na mnunuzi anabaki na alichonunua siku ya kwanza. OptiPlex hata bisibisi haihitaji kufungua kava, na vishikizo vya kugusa vimetiwa rangi ya buluu. Mwenye kuiunda alitaka ifunguliwe.

Ufundi wa kweli unajua pia mpaka wake. Pawa saplai ya OptiPlex hizi zenye umbo dogo ni ya wati 240, na nafasi ya kadi ya picha haitoi zaidi ya wati 75, kwa hiyo kijana anayetaka michezo mizito aambiwe mapema kwamba sanduku hili si lake. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuitunza Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, ilhali Windows 11 inadai moduli ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ambazo karibu zote ni za kizazi cha 8 na kuendelea. Yetu ni ya kizazi cha 3. Haijavunjika, na kazi inaiweza, lakini mpaka umechorwa mbele yake. Mfumo wa Linux Mint ungeikaa vizuri na mashine ingeendelea kupata masasisho ya usalama. Hata hivyo fundi mkweli hamlazimishi mama, maana kadi za harusi za wateja zimetengenezwa kwa programu ya Publisher ya Microsoft, na mpangilio unaweza kuvurugika zikifunguliwa kwingine. Anamweleza faida na hasara za kila njia, anamwachia aamue.

Mwisho wa yote kuna swali la malipo, na hapa sisi wateja ndio wenye deni. Tunalipia kifaa bila kinyongo kwa sababu tunakishika mkononi. Ufundi wa kutambua tunauona kama maneno matupu, tunaulipa nusu au hatuulipi kabisa: "Si umeangalia tu?" Matokeo yake fundi anajifunza kuuza kifaa hata pasipohitajika kifaa, kwa kuwa ndicho pekee kinachomlisha. Tukitaka mafundi wanaojua kusema "mama, hii prosesa iache," ni lazima neno hilo liwe na bei. Shilingi ambayo mama hakuitumia kwenye prosesa imetoka kwenye kichwa cha mtu aliyekaa kimya mbele ya Task Manager akasoma safu tatu. Siku fundi atakapokuambia kompyuta yako inataka betri tu, usimlipe bei ya betri.