Taharuki Iliyoishia Entebbe: Uhakiki wa Filamu "The Last King of Scotland"

Filamu hii ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Kevin Macdonald, niliitazama kwa mara ya tatu mjini Bwera, katika kibanda cha video kando ya barabara iendayo Mpondwe. Nilikuwa na wanafunzi wanne wa mazoezi ya kufundisha kutoka Kasese. Wengine humo walikuwa wachuuzi wa pande zote mbili za mpaka, Wakonzo wa kwetu na Wanande wa Kongo, na mwenye kibanda akawa anatufasiria papo hapo kwa Kiswahili. Nawataja kwa kuwa ndio waliohakiki kabla yangu.

Tuanze na sifa. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili amwigize Idi Amin, na tuzo ya Oscar aliyopewa mwaka 2007 aliistahili. Taharuki yote imo usoni mwake. Anacheka, nawe unacheka naye, kisha kicheko kinakatika na hujui kitakachofuata. Daktari kijana Nicholas Garrigan (James McAvoy), mhusika wa kubuni kutoka riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, ananaswa kidogo kidogo kwa zawadi na cheo mpaka anakuwa mshiriki. Kibandani palikuwa kimya.

Kisha tunafika Entebbe, Juni 1976, kwenye ndege ya Air France iliyotekwa, na hapo msuko unaporomoka. Vidonge vya sumu, kulabu za kifuani, kufunguliwa, kutoroka katikati ya mateka wanaoachiwa: vyote vinarundikwa mwishoni. Hata Kay, mke wa Amin aliyefariki mwaka 1974, kifo chake kinasogezwa karibu na utekaji ili Garrigan apate sababu ya kulipiza kisasi.

Haraka hiyo ningeisamehe. Nisiloweza kusamehe ni Dakta Junju (David Oyelowo). Anamfungua Garrigan, anamtaka akaieleze dunia ukweli, kwa kuwa yeye ni Mzungu na ataaminiwa. Halafu Junju anapigwa risasi. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti: "Na huyu mwenye nchi, hana mdomo?"

Anao. Henry Kyemba, waziri wa afya wa Amin, alitoroka mwaka 1977 na mwaka huohuo akachapisha "A State of Blood". Humo alieleza mauaji mengi, pamoja na ya Dora Bloch, mateka aliyekuwa amelazwa Mulago na kuuawa baada ya uvamizi wa Waisraeli wa tarehe 4 Julai 1976. Bibi mgonjwa kitandani, wauguzi wakijua askari watakuja: taharuki gani inapita hiyo? Filamu ilikwisha kupanda ndege.

Mwanafunzi mmoja alinipinga: hadithi ni ya Garrigan, basi iishe naye. Sawa, lakini anaokolewa kwa damu ya mtu ambaye hatukupewa hata nusu saa ya kumjua.

Siku hizi darasani nasimamisha mkanda kwenye vidonge vya sumu, wanafunzi waandike hatima wenyewe. Kati ya wale wanne, watatu walimpandisha Junju ndegeni. Wa nne alimwacha hospitalini, zamu ya usiku, akihesabu hatua za buti ukumbini.