Mkono Unashika Wapi? Bafu la Bi Mkubwa wa Ngamiani

Anayetaka kujua bafu linamhatarisha vipi mzee wake asianze dukani, aanze ukutani. Katika nyumba moja ya Ngamiani, Tanga, anakoishi Bi Mkubwa, mama mzazi wa rafiki yangu, pamoja na wajukuu zake, ukuta wa bafu ulikuwa na ramani kamili. Kulikuwa na alama ya kiganja kwenye fremu ya mlango, nyingine nyeusi zaidi upande wa kulia wa choo, na bomba la maji la nusu inchi lililokwisha kupinda kwa kuvutwa. Watu wa nyumbani waliuona huo kuwa uchafu tu, wakausugua kwa sabuni kila wiki, na kila wiki ukarudi palepale.

Fundi aliyeitwa, mwashi wa makamo, aliamkia kisha akauliza swali moja kabla hajafungua begi la vifaa: "Mama, ukiingia humu unashika wapi?"

"Nashika popote Mungu aliponijaalia, baba."

Akamwomba aingie na nguo zake, sakafu ikiwa kavu, afanye kila kitu kwa kuigiza: kuingia, kugeuka, kuchuchumaa, kuinuka, kuchota maji, kutoka. Kila mkono ulipogusa ukuta, fundi aliweka alama ya chaki. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu ya kitaalamu kuliko zote katika kazi nzima, na ndiyo ambayo hakuna mteja anayekubali kuilipia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wanaokufa kwa wingi zaidi. Tukisikia hivyo mawazo yetu hukimbilia utelezi. Utelezi upo, na nitaufikia. Lakini katika bafu la ndoo na kata kuna saa mbaya zaidi, nayo ni ya kuinuka. Mzee akisimama, damu hushuka miguuni na mwili hukawia kuisukuma juu. Madaktari huhesabu kuwa ni tatizo pale presha ya juu inapoanguka kwa pointi 20, au ya chini kwa pointi 10, ndani ya dakika 3 za kusimama. Dawa za presha zinaweza kuongeza hali hiyo, na zile za kukojoza humwamsha mtu usiku aende huko huko bafuni. Sasa tazama uogaji wetu: ndoo iko chini, mtu anainama kuchota, anainuka kujimwagia, anainama tena. Bi Mkubwa alikuwa akifanya zoezi hilo mara nyingi katika kuoga mara moja, macho yamejaa povu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuiondoa ndoo sakafuni. Binti yake alitaka kununua kiti cha plastiki. Fundi akakataa, na nadhani alikuwa na haki. Viti vile miguu yake hutanuka mtu akikaa, na kwenye kigae chenye sabuni mguu mmoja ukikimbia mingine inafuata. Akajenga baraza ndogo ya tofali na zege kwenye kona, kimo sentimita 45, kina sentimita 40, ikiinama kidogo mbele ili maji yasilale juu yake. Kando yake, upande wa mkono wa kulia, akajenga kingo ya kuwekea ndoo, ya chini kiasi kwamba mdomo wa ndoo unalingana na kiwiko cha mtu aliyeketi. Baraza ya zege ni ngumu na asubuhi ina baridi, na Bi Mkubwa hakuacha kulisema hilo. Kipande cha mpira kilichokatwa kwa kipimo chake kilimaliza ubishi. Ubaya wake wa kweli ni kwamba haihamishiki, ukikosea mahali umekosea hadi uite tindo. Ndiyo maana chaki ilitangulia.

Kuhusu maji ya moto ya kutoka jikoni, utaratibu ukawa mmoja tu: maji baridi yatangulie ndooni, na abebe mjukuu. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde zipatazo 5, na ngozi ya mzee ni nyepesi zaidi.

Choo kilileta mjadala mrefu. Kilikuwa cha kuchuchumaa, tena kimeinuliwa juu ya kidato, kwa hiyo mama alipanda, akachuchumaa, akainuka, akashuka, vyote kwa magoti yanayouma. Wajukuu walikizoea na kilikuwa rahisi kuosha. Wengine walipendekeza kiti chenye tundu cha kuweka juu yake, njia ya bei nafuu ambayo siidharau pale nyumba inapokuwa ya kupanga. Hapa nyumba ni yao. Kidato kikavunjwa, kikawekwa choo cha kukaa.

Ila choo cha kukaa nacho kina kimo. Vingi vinavyouzwa hufika kama sentimita 40. Fundi alipima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la mama akapata 41, na mtu huinuka kwa shida kutoka kwenye kiti kilicho chini ya goti lake. Vipimo vya Marekani vya majengo ya walemavu vinataka kiti kiwe kati ya sentimita 43 na 48. Alimwaga kitako cha zege cha sentimita 5 chini ya choo, akakichonga kifuate umbo la choo chenyewe ili vidole vya miguu visipate pa kujigonga. Ikawa 45. Angeweza kwenda juu zaidi, lakini miguu ikining'inia mapaja hubanwa, na haja yenyewe inakuwa kazi.

Kisha mpini wa kushikia. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea.

Swali la kwanza ni unene. Watu huchukua bomba la nusu inchi au la robo tatu kwa kuwa lipo nyumbani. Bomba la robo tatu kwa nje lina milimita 27 hivi, ni jembamba kwa kiganja kinachotafuta msaada. La inchi moja, kwa nje, lina milimita 33.7, na kipimo cha Marekani kinataka mpini wa duara uwe kati ya 32 na 51. Kwa hiyo bomba la kawaida la chuma la inchi moja, lile la duka la vifaa vya ujenzi mtaani, linafaa bila kuagiza kitu chochote. Nafasi kati ya mpini na ukuta iwe milimita 38. Ikiwa ndogo vidole havipiti, ikiwa kubwa mkono wote unaweza kutumbukia hadi kiwiko mtu anapoanguka, na mfupa ukavunjika hapo hapo penye msaada.

Swali la pili ni kimo, na hapa vitabu vinagombana. Marekani hupima kutoka sakafuni: sentimita 84 hadi 91. Wajerumani, katika kiwango chao cha DIN 18040, hupima kutoka kwenye kiti: mikono ya pembeni ya choo iwe sentimita 28 juu yake. Kwa mama mfupi aliyeketi kwenye kiti cha 45, mpini wa 84 unafika kifuani. Unafaa kujivuta, haufai kujisukuma, na mzee mwenye magoti mabovu huinuka kwa kusukuma. Fundi hakuwa na kitabu chochote. Alimkalisha, akamwambia asukume hewa, akaweka alama: 73. Ni 45 kujumlisha 28. Nilipochukua futikamba kuhakiki nilicheka. Zile alama za kiganja za zamani zilikuwa chini zaidi, kwa sababu ziliachwa na mtu aliyechuchumaa. Zilisema upande, hazikusema kimo.

Na upande una maana kubwa kwetu. Picha za mabafu ya Ulaya humwonyesha mzee ameshika mipini miwili, kulia na kushoto, ametulia. Mtu anayestanji kwa maji mkono wake wa kulia unamimina na wa kushoto unasafisha, hakuna mkono uliobaki. Wakati huo huo anaegemea upande. Akimaliza, mkono wa kushoto umelowa na hataki kugusa nao kitu. Kwa hiyo mpini wa kuinukia lazima uwe kulia, na upande wa kushoto pawe na kitu cha kuegemeza mwili wakati mikono yote ina kazi. Ubavu wa baraza, uliojengwa karibu na choo, ulifanya kazi hiyo ya pili. Kopo la kustanjia likabadilishwa kwa bomba la mpira lenye kifyatuo, ndoano yake ikiwa kulia, mbele ya mpini, ili mkono usivuke mwili kulitafuta.

Swali la tatu ni ukuta. Mpini uliofungwa kwa skrubu na plagi za plastiki kwenye kigae ni mtego, kwa sababu unamfundisha mzee kuamini kitu kitakachong'oka siku atakapokihitaji. Kigae hakibebi mzigo, kinachobeba ni tofali, na tofali zetu nyingi za saruji hubomoka ukizitoboa karibu na ukingo. Ukuta wa kulia wa choo ulipakana na uani. Fundi akatoboa tundu lipite ukuta wote, akaingiza bolti, na upande wa nje akaweka bamba la chuma la kutandaza uzito. Penye mlango, ambako ukuta unapakana na chumba cha kulala, alichimba tofali kwa tindo, akapandikiza vyuma vyenye ncha zilizopasuliwa mfano wa mkia wa samaki, akajaza zege na kuacha ikomae kabla ya mtu yeyote kuvigusa. Mpini wa hapo ni wa wima, maana mtu anayeingia hujivuta na kugeuka.

Kisha akaujaribu. Alifunga kamba kwenye mpini wa choo, akaning'iniza mifuko 2 ya saruji ya kilo 50 na ndoo ya maji ya lita 20. Jumla kilo 120. Vipimo vya Marekani vinataka pauni 250, yaani kilo 113 hivi.

Hewa ya Tanga ina chumvi, na bomba la zinki huanza kushika kutu pale lilipochomelewa au kukatwa uzi. Ndiyo sababu fundi hakuchomelea, alitumia elbo na vitako vya kukaza kwa uzi, akavipaka rangi ya kuzuia kutu na juu yake buluu iliyoiva. Stenlesi ingedumu zaidi, hasa ile ya daraja la 316 inayovumilia chumvi, lakini bei yake ingekula pesa ya sakafu. Ile buluu si urembo. Mama ana mtoto wa jicho, na mpini mweupe juu ya ukuta mweupe kwake haupo.

Sakafu ilikuwa ya vigae vinavyong'aa. Muuza duka alipendekeza vingine vilivyoandikwa R10, na watu wengi huishia hapo. Herufi hiyo inatokana na jaribio la Kijerumani ambalo mtu hutembea kwenye ubao unaoinamishwa, amevaa viatu, juu ya mafuta ya mashine. Ni kipimo cha karakana. La miguu mitupu na maji ya sabuni ni jingine, DIN 51097, lenye madaraja A, B na C, na sehemu ya kuogea inataka angalau B, yaani mteremko wa nyuzi 18 bila kuteleza. Kigae chenye daraja hilo hakikupatikana. Wakachagua vigae vidogo vidogo vya kukwaruza, maana kadiri viungio vinavyokuwa vingi ndivyo mguu unavyopata pa kuuma. Kama pesa isingetosha ningeshauri saruji iliyosawazishwa kwa ubao bila kupigwa niru. Haipendezi, lakini haitelezi.

Kosa kubwa la sakafu ya zamani halikuwa kigae bali mteremko. Maji yalikimbilia mlangoni, kikajengwa kizingiti cha kuyazuia, na kizingiti kikawa cha kujikwaa. Fundi aliugeuza: sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea tundu la kona ya mbali. Alipima kwa pimamaji, kisha akamwaga ndoo nzima karibu na mlango na sote tukasimama kutazama. Kizingiti kikavunjwa, kikabaki kiinuko cha sentimita 1 kilichochongwa pande zote mbili.

Nyumba hutumia pia maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa chokaa, na maji hayo yakikutana na sabuni huacha utando mweupe unaoteleza kuliko maji yenyewe. Siki au ndimu huuyeyusha, lakini suuza haraka, kwani asidi hula pia saruji ya viungio. Kandambili zilizolika soli zilitupwa. Bi Mkubwa aliificha jozi moja, ikatafutwa.

Mlango ulifunguka kwa ndani. Mtu akianguka nyuma yake, mwili wake ndio unaoufunga. Bawaba zikahamishwa, ukafunguka nje. Komeo likawa vita. Watoto walitaka liondolewe kabisa, mama akasema hawezi kuoga mahali pasipo sitara. Kitasa cha kufunguka kwa nje kwa sarafu kiliwapatanisha, naye akauliza mara mbili nani atakuwa na hiyo sarafu.

Jambo la mwisho lilitokana na lile igizo la siku ya kwanza. Fundi alimwona mama akiinua mguu kwenye beseni la kunawia ili kuigiza udhu, amesimama kwa mguu mmoja, mkono mmoja kwenye bomba lile lililopinda. Mara tano kwa siku. Hakuna kipimo cha Marekani wala cha Ujerumani nilichokitaja hapa kinachozungumzia hilo. Bomba jipya likawekwa mbele ya baraza, kimo cha sentimita 50, likiwa na mkono mrefu wa kufungulia badala ya kigurudumu cha kuzungusha, ili atawadhe ameketi na aoshe miguu bila kuiinua zaidi ya goti.

Kilichobaki ni taa. Swichi iko ukumbini, na umeme ukikatika usiku njia yote kutoka kitandani ni giza. Wameahidi taa ya kuchajiwa yenye kuhisi mtu akipita. Bolti za uani zinatakiwa kukazwa upya baada ya masika, na fundi amesema atakuja mwenyewe na mifuko yake ya saruji.