Theluji Si Barafu: Uhakiki wa Maneno ya Safari ya Mlimani

Katika kufasiri maelezo ya safari za milimani katika nchi za baridi, baadhi ya wafasiri wetu hutosheka na maneno mawili, theluji na barafu, tena huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja. Jambo hili huonekana dogo kwa msomaji aliye Tanga au Mombasa. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili aishiye Marekani, asomaye onyo kabla ya kupanda, kosa la istilahi laweza kumgharimu maisha.

Tuchukue mfano wa Mlima Washington katika jimbo la New Hampshire, wenye kimo cha meta 1,917. Njia ipitayo bonde la Tuckerman Ravine ina urefu wa kilometa zipatazo 6.8 hadi kileleni, nayo huendewa na kurudiwa kwa siku moja. Mwezi wa Aprili bonde hilo bado limejaa theluji iliyosombwa na upepo kutoka juu. Upepo wenyewe si wa mzaha: tarehe 12 Aprili 1934 ulipimwa kileleni ukienda kilometa 372 kwa saa.

Wako wafasiri wanaoyaita majira hayo masika, kwa kuwa miezi yakaribiana. Kwa maoni yetu, hilo halifai. Masika ni mvua, tope na kilimo. Msomaji atabeba mwavuli mahali panapotaka koti zito. Majira ya kuchipua ni istilahi bora, ingawa nayo yasema habari za bondeni kuliko za kileleni, ambako hakuna kinachochipua bado.

Tukija kwenye theluji na barafu, asili ya maneno haitusaidii. Theluji imetoka Kiarabu, ambamo neno hilo hubeba maana zote mbili. Barafu yatokana na neno la Kiajemi ambalo maana yake hasa ni theluji. Kiswahili ndicho kilichoyagawia kazi: theluji ni ile inyeshayo ikiwa nyepesi na nyeupe, barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Mgawanyo huu ni mali yetu, na yafaa tuulinde.

Faida yake huonekana katika siku moja ya safari. Alfajiri uso wa theluji huwa umeganda, na mguu huteleza. Hapo hatari ni barafu. Adhuhuri jua huulainisha, mguu huzama, na mapande ya barafu huweza kuanguka kutoka majabalini. Jioni uso huganda tena. Mfasiri aandikaye tu kwamba "barafu huyeyuka mchana" amemficha msomaji hatari mbili zisizofanana, kila moja na saa yake.

Kwa dhana nyingine, lugha yetu ina akiba ya kutosha. Maporomoko ya theluji yamekwisha kuzoeleka, ila yasifupishwe kuwa maporomoko peke yake, maana msomaji atadhani ni ya maji. Theluji iliyotokeza nje ya ukingo wa jabali bila kitu chini yake twaweza kuiita upenu wa theluji. Ile iliyoliwa chini na kijito, ikabaki kama dari, ni theluji yenye uvungu. Ajuaye uvungu wa kitanda hahitaji kuelezwa zaidi. Vyuma vya meno vifungwavyo viatuni viitwe njumu za barafu, na chombo cha mkononi kiitwe sululu ya barafu.

Huenda wengine wakasema kwamba lugha ya nchi za joto haina haja na haya. Twawakumbusha kwamba mwaka 1848, Johannes Rebmann alipoiona Kilimanjaro, kiongozi wake wa njia aliutaja weupe ule kwa neno moja tu, baridi. Hakukosea, alikitaja kitu kwa jinsi kinavyomtenda mtu. Lakini neno hilo halimwambii mpandaji mahali pa kukanyaga. Istilahi njema yapaswa kumwambia hilo.

Tunawaomba wasomaji, hasa waliokwisha kupanda milima ya namna hii, wayapime mapendekezo haya na kutuletea maneno wanayoyatumia wenyewe.