Hesabu ya Duara: Msonge wa Kisukuma Ulivyosimama

Anayetaka kuuelewa usanifu wa kale wa Usukumani aanze na udongo, maana fundi naye alianzia hapo. Kutoka kwenye vilima vya mawe hadi bondeni, ardhi ya Shinyanga hubadilika kwa mpangilio ambao wenyeji walikwisha kuupa majina zamani. Juu ni luguru penye mawe, kisha luseni ya kichanga, halafu itogolo iliyo ngumu, na chini kabisa mbuga nyeusi. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne alitumia mifululizo ya namna hii ya Afrika Mashariki kujenga nadharia iliyoingia katika vitabu vya sayansi ya udongo duniani kote. Mwenye kaya alikuwa na haja moja tu na elimu hiyo: mbuga huvimba ikilowa na kupasuka ikikauka, na nguzo iliyosimikwa humo haimalizi masika mengi bila kulala. Ndiyo maana kaya zilikaa juu ya mteremko, na mbuga ikaachiwa malisho na mashamba.

Hapo ndipo duara la msonge, nyumba ya mviringo yenye paa la pia, lilipochorwa. Fundi alihitaji kigingi na kamba tu. Akikaza kamba na kuzunguka, msingi umepatikana bila pembe ya kupima na bila ukuta wa kunyoosha. Kwa hesabu ya kawaida, ukuta wenye mzunguko wa mita 20 ukijengwa mraba unafunga eneo la mita za mraba 25. Ukuta wa urefu uleule ukijengwa mviringo unafunga karibu 32. Miti ni ileile na udongo wa kukandika ni uleule, lakini nafasi imeongezeka kwa zaidi ya robo. Katika nchi ambako nguzo ngumu ya kushinda mchwa ilitafutwa mbali, tofauti hiyo ilikuwa kubwa.

Lakini sehemu inayonivutia zaidi, na ambayo nadhani husifiwa kidogo kuliko inavyostahili, ni paa. Paa la pia lina kasoro moja ya kimaumbile: uzito wake haushuki moja kwa moja chini. Kila boriti inayotoka kileleni inasukuma ukuta kwa nje, na ukuta wa miti na udongo hauna nguvu ya kustahimili msukumo huo. Warumi walikabili tatizo hilohilo walipojenga kuba la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa mita 43 hivi, wakalitatua kwa uzito: ukuta wenye unene wa mita 6 unaokataa kusukumwa. Fundi wa Usukumani alilitatua kwa kufunga. Alizungusha fito juu ya boriti, pete juu ya pete kutoka ukingoni hadi kileleni, na kila zilipokutana alizikaza kwa kamba ya magome. Boriti zikitaka kutanuka, pete zinakataa. Msukumo unaishia ndani ya paa lenyewe, na ukuta unabaki na kazi nyepesi ya kubeba uzito unaoshuka wima. Kwa hiyo ubora wa msonge ulipimwa kwenye mafundo. Nyumba yenye boriti nene na kamba legevu ilikuwa nyumba mbovu.

Mwinuko wa paa nao una sababu. Nyasi hazizuii maji kwa kuwa hazipenyeki; zinayazuia kwa kuyateremsha kabla hayajazama. Paa likiwa na mwinuko wa nyuzi 45 au zaidi, tone huhama kutoka unyasi mmoja hadi mwingine likafika ukingoni huku tabaka la ndani likiwa kavu. Likilala zaidi ya hapo, maji hukaa na nyasi huoza. Moto wa ndani ulimaliza kazi hiyo, maana moshi uliopanda ulikausha nyasi, ukafukuza wadudu na kuziachia boriti masizi yaliyozilinda. Moshi huohuo uliumiza macho na mapafu ya waliopika, na sioni sababu ya kulificha hilo kwa ajili ya kusifu mila.

Mlango ulikuwa mfupi. Ufupi huo uliacha ukingo wa paa ushuke chini na kuukinga ukuta wa udongo na mvua ya upepo, ukazuia joto la mchana, na ukamlazimisha kila anayeingia atangulize kichwa. Adui mwenye mkuki hawezi kupigana akiwa ameinama. Mgeni mwema naye huonekana ameinamia wenye nyumba kabla hajatamka salamu. Ulinzi na heshima vilitoka katika kipimo kimoja, na hakuna anayeweza kusema fundi alikata mlango ule kwa ajili ya kipi zaidi.

Nje ya msonge, duara lilirudiwa kwa ukubwa. Kaya ilizungushiwa minyaa, mmea unaoota kwa kuchomeka tawi, unaostahimili ukame, na wenye utomvu mweupe unaochoma macho kiasi kwamba mifugo huuogopa. Ni ukuta unaojiotea wenyewe na kujiziba penye tundu. Ndani yake kulikuwa na zizi, vihenge vya nafaka, misonge ya wake na watoto, na shikome, mahali pa moto wa jioni ambapo wanaume na wavulana walikaa, wakala na kufundishana. Uani palisimama pia vijumba vidogo vya masamva, yaani mizimu ya ukoo, vyenye umbo lilelile la pia na paa lilelile la nyasi. Hili lina uzito kwa anayechambua maana za maumbo. Wahenga hawakujengewa kwa mtindo wa pekee wa kutisha. Walijengewa nyumba ya kawaida iliyopunguzwa kipimo, ndani ya ua uleule, wakahesabiwa miongoni mwa wakazi.

Hata ikulu ya mtemi haikuliacha umbo hilo. Nguvu ya mtawala ilionekana kwa ukubwa wa msonge, kwa wingi wa nyumba ndani ya ua na kwa ngoma za utemi zilizohifadhiwa humo. Mtu wa kawaida aliyeingia alielewa kila kitu alichokiona, kwa kuwa alikuwa nacho nyumbani kwake kwa kiasi kidogo.

Kwa nini basi mtindo huu umekaribia kutoweka kati ya Shinyanga na Geita? Wengi hulaumu usasa kwa jumla, na jibu hilo halinitoshi. Sababu ya kwanza ni miti. Wakati wa ukoloni mapori yalifyekwa kupambana na mbung'o, kisha pamba na kuni zikamaliza mengi yaliyobaki. Sababu ya pili ni Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyopanga familia kwa mistari kando ya barabara. Kiwanja kilichopimwa kwa mistari hakikupi nafasi ya kuzungusha minyaa. Sababu ya tatu ni bati. Bati hutoka kiwandani likiwa limenyooka. Ukitaka kulifanya pia, ulikate pembetatu, upoteze vipande na uzibe viungo visivyohesabika. Paa liligoma kuwa mviringo, na ukuta ukafuata paa. Zamani duara la ukutani ndilo lililoamua paa. Sasa karatasi ya chuma ndiyo inayoamua ukuta.

Miti yenyewe imepata kazi nyingine. Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama, magogo hupangwa kwa fremu za mraba, matimba, kuzuia kuta za shimo zisibomoke. Nguvu huko zinaelekea ndani, kwa hiyo gogo linakandamizwa badala ya kuvutwa, na kamba haina kazi kubwa. Ni ufundi mwingine kabisa, unaodai miti ileile.

Mimi simshauri mtu aachane na bati. Paa la mita za mraba 50 katika eneo lenye mvua ya milimita 700 kwa mwaka hupokea lita 35,000, na kwa familia ya Kishapu hayo ni maji ya kweli. Ninachokipinga ni vibanda vya mviringo vya hoteli, vyenye saruji na nondo ndani na nyasi za pambo juu, ambapo umbo limebebwa na sababu zake zikaachwa. Mfano bora zaidi upo Bujora, nje ya jiji la Mwanza, ambako Padre David Clement kutoka Quebec alijenga kanisa la mviringo mwaka 1958, na ambako jengo la ngoma za utemi lilipewa umbo la kiti cha mtemi. Pale mkusanyiko wa watu ulihitaji duara, ndipo duara likatumika.

Kwa anayetaka kujifunza mafundo yale kwa mikono, malighafi imeanza kurudi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, malisho yanayofungwa kwa msimu, hadi zikapita hekta 300,000 kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Humo watu hukata fito na nyasi za kuezekea. Vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kuwapeleka wanafunzi huko na mzee mmoja anayejua kuezeka, wakajenga msonge mmoja kutoka kigingi hadi kilele, wakapima nguvu za kila pete na kuziandika.