Muziki wa Kutafakari na Suala la Ugeni

Mwezi wa Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani uliupiga marufuku muziki wa soul mjini Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ya Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU ulipokuwa ukipiga vita vimini na suruali za kubana, na muziki huo ukahesabiwa miongoni mwa mambo ya kigeni yanayompotosha kijana. Sisi wa Mafia, ambao wilaya yetu imo katika mkoa huo, tuna sababu ya kulirudia swali lile: je, ugeni wa muziki hupimwa kwa mahali zilikotoka ala zake, au kwa kazi ambayo muziki huo huifanya moyoni mwa msikilizaji?

Albamu moja yaweza kutusaidia. Ni Home Again, yaani Nyumbani Tena, albamu ya kwanza ya Michael Kiwanuka, iliyotolewa mwaka 2012. Mwimbaji huyu alizaliwa London mwaka 1987, mtoto wa wazazi Waganda walioukimbia utawala wa Idi Amin, utawala ule ule ambao majeshi yetu yalishiriki kuuangusha mwaka 1979. Nyimbo zake 10 zilirekodiwa katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, chini ya usimamizi wa Paul Butler.

Soul ni muziki wa Wamarekani weusi, uliochipuka katika nyimbo za kanisani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanamuziki kama Sly Stone na kundi la The Temptations waliutia magita yenye mwangwi na sauti za kuzunguka, hata msikilizaji akajiona kama yumo ndotoni. Tawi hilo likaitwa soul ya saikedeliki. Kiwanuka ameirithi njozi hiyo, lakini ameituliza. Katika wimbo wa Tell Me a Tale filimbi, nyuzi na ngoma huzungukana kama maji ya mkondo. Katika I'm Getting Ready mna gita jepesi na maneno machache yanayorudiwa, ya mtu anayejiandaa kuamini.

Hapo ndipo sikio la Mafia linapostuka. Aliyekaa usiku katika zikri anajua jinsi maneno machache, yakirudiwa kwa pumzi moja, yanavyomwondoa mtu katika kelele za mchana na kumrudisha ndani ya nafsi yake. Hatusemi kwamba ibada na burudani ni kitu kimoja, hasha. Tunasema kwamba utulivu si ugeni kwetu, ingawa tunapofundisha utamaduni wa taifa twapenda kuonyesha ngoma za kishindo peke yake, kana kwamba Mwafrika hajui kukaa kimya.

Hata hivyo albamu hii ina upungufu, na si haki kuuficha. Mara nyingi Kiwanuka amevaa nguo za wakubwa wake. Msikilizaji humsikia Bill Withers hapa na Otis Redding pale, kabla hajamsikia Kiwanuka mwenyewe. Nyumba anayoitamani katika wimbo uliobeba jina la albamu haina mji wala mti wala lugha. Ni nyumba ya kila mtu, na kwa hiyo yakaribia kuwa si ya mtu yeyote.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili ya mtoto aliyezaliwa uhamishoni ni ipi? Kiwanuka alilijibu swali hilo polepole. Mwaka 2016, katika Love & Hate, aliipanua njozi aliyoianza; na mwaka 2019 akaipa albamu yake ya tatu jina la ukoo wake, Kiwanuka, ikatwaa Tuzo ya Mercury mwaka 2020. Aliyeanza kwa sauti ya kuazima alifika kwenye jina lake.

Basi walimu wasiwakataze wanafunzi muziki wa namna hii, wala wasiwaachie wausikilize bila kuuhoji. Wawaulize: mwimbaji ameazima nini, na amelipa nini? Amri ya 1969 haikuuliza hivyo. Utamaduni haulindwi kwa kuziba masikio. Hulindwa na masikio yaliyofundishwa kupambanua.