Siri ya Mtungi: Marejeo na Historia ya Familia katika Gravel Heart ya Abdulrazak Gurnah

Marejeo ya mhamaji katika nchi aliyoiacha ni dhamira ya kudumu katika riwaya za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ya mwaka 2021. Katika Admiring Silence (1996) na Gravel Heart (2017), mhusika mkuu anarudi Zanzibar kutoka Uingereza na kubaini kwamba jibu la kitendawili cha utoto wake lilikuwa nyumbani muda wote. Makala haya yanaihakiki riwaya ya pili kwa kuuliza: ukweli wa familia unapofichuliwa, nani anausimulia?

Salim ana umri wa miaka saba baba yake, Masud, anapohama nyumba na kwenda kuishi peke yake katika chumba cha kupanga. Mkewe, Saida, anaendelea kumpelekea chakula, maelezo hayatolewi. Baadaye Salim anachukuliwa na mjomba wake Amir, mwanadiplomasia, kwenda kusoma London. Anaporejea, mama amekwishafariki, na ni baba anayemfunulia siri: Amir aliwahi kutiwa kizuizini kwa sababu ya uhusiano wake na binti wa kigogo, na Saida akalazimika kujitoa kwa ndugu wa binti huyo ili Amir aachiwe.

Nguvu ya riwaya hii ni kwamba haiitenganishi siri ya nyumba na siri ya dola. Baba yake Saida aliuawa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Kwa hiyo, Amir anapokamatwa, Saida hahitaji kuelezwa mamlaka yanaweza kufanya nini. Kinachoonekana mtaani kuwa aibu ya ndoa ni, kwa hakika, matokeo ya utawala usiowajibika. Kwa msingi huo, Gurnah anaipa dhana ya sitara sura mbili: inamhifadhi aliyedhulumiwa, na papo hapo inamkinga aliyedhulumu.

Hata hivyo, wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Aliyezama mtungini ni Saida, lakini anayeulizwa ni mwingine. Katika Admiring Silence, mama mwenyewe anamweleza mwanawe habari za baba aliyetoweka. Katika Gravel Heart, kauli za mama kuhusu tukio kuu la maisha yake zinatufikia kupitia kumbukumbu ya mume aliyeihama nyumba. Upungufu huu unadhihirika zaidi tunapoizingatia tamthilia ya Shakespeare, Measure for Measure, ambako jina la riwaya limetokana. Isabella anatakiwa kuutoa mwili wake ili kumwokoa kaka yake, naye anakataa kwa kinywa chake mwenyewe jukwaani. Saida anakubali, lakini kukubali kwake kunasimuliwa na mwanamume. Inaweza kutetewa kwamba kimya hicho ndicho hali halisi ya wanawake wengi waliodhulumiwa. Utetezi huo una uzito, ila hautoshi: riwaya inayolaani kunyamazishwa inapaswa kuonyesha kwamba inatambua inapomnyamazisha mhusika wake.

Suala la pili ni lugha. Mazungumzo ya baba na mwana yanatukia katika mji wa Waswahili, lakini msomaji anayapata kwa Kiingereza. Hali hii haihusu Zanzibar pekee. Petit Pays (2016) ya Gaël Faye, ambayo msimulizi wake anarejea Bujumbura baada ya miaka mingi Ufaransa, iliandikwa kwa Kifaransa. Historia za familia zilizovunjwa na ghasia za eneo letu zinasomwa kwanza na watu wa mbali. Tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi (2022) imethibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuzibeba kazi hizi bila kupwaya.

Kwa washauri wa sera, hoja inayofuata ni dhahiri. Tafsiri ya fasihi ya marejeo isihesabiwe kuwa pambo la maktaba. Mipango ya kukuza Kiswahili katika nchi jirani iitengee fungu lake, na mitaala ya sekondari iipe nafasi. Msomaji wa Unguja, Bujumbura au Bukavu akiisoma hadithi ya Saida kwa lugha anayoizungumza na mama yake, huenda akamuuliza mama huyo maswali ambayo Salim alichelewa kuyauliza.